Kompyuta Mpya, Windows ya Nani?

Fundi wa Ngamiani akimaliza kukuunganishia kompyuta mpya, feni inazunguka, taa zinawaka, na kwenye kioo kunatokea maandishi meupe kwamba hakuna diski ya kuwashia. Wateja wengi wa Tanga hugundua hapo kuwa bei waliyopatana ilikuwa ya vyuma tu. "Usijali, Windows nitakupigia," fundi husema, na kweli anaipiga, kwa fedha kidogo juu ya bili au bure kabisa. Mteja anashukuru, anabeba mashine yake kwenye bajaji, wala haulizi Windows hiyo ina leseni ya nani.

Tuanze na bei halali. Kwa bei ya Microsoft yenyewe, Windows 11 Home ni dola 139 na Pro ni dola 199.99. Tukipiga hesabu kwa shilingi 2,500 kwa dola, Home ni kama 347,500 na Pro inafika karibu nusu milioni. Kwa anayefungua steshenari Makorora, hizo ni fedha ambazo angezitia kwenye printa. Na hapo hajagusa Office: Office Home ya 2024, ya kulipia mara moja, ilitoka kwa dola 149.99 nyingine.

Leseni nazo hazifanani. Ile ya rejareja unaweza kuihamishia kwenye mashine nyingine ya kwanza ikifa. Ile inayokuja na kompyuta ya kiwandani imefungwa kwenye mazabodi, na mazabodi ikiungua, imekwenda nayo. Kwenye pwani yetu, penye unyevu, chumvi ya hewani na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, tofauti hiyo si ya kupuuza. Ukiamua kulipa bei kamili, lipia ya rejareja. Home inawatosha watu wengi wa nyumbani na maduka madogo. Pro ina faida kwa ofisi inayotaka kufunga diski kwa BitLocker au kuziingia kompyuta zake kutoka mbali.

Sasa ile ya bure. Nyingi ya Windows zinazopigwa mitaani huamilishwa kwa programu za kraki, na baadhi yake huiga mfumo uitwao KMS, ambao Microsoft iliutengeneza kwa ajili ya makampuni yenye kompyuta nyingi. Uamilishaji wa KMS hudumu siku 180, kisha lazima urudiwe. Kinachonitisha zaidi ni jinsi kraki inavyoingizwa: mara nyingi sharti kwanza uzime kinga ya virusi. Yaani unamwondoa mlinzi ili mgeni usiyemjua apite, halafu kwenye kompyuta hiyo hiyo unaingiza nywila ya benki na vyeti vya wateja. Kisheria pia huna pa kujitetea, kwa sababu programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Zile namba za leseni zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya soda nazo zina mashaka: nyingine ni leseni za makampuni zilizochotwa na kuuzwa upya, na Microsoft inaweza kuzifunga wakati wowote.

Kuna njia ya tatu, nayo wauzaji wa kompyuta za kuunga hawaitangazi. Kompyuta za ofisini za mtumba, Dell OptiPlex na HP EliteDesk za namna ile inayojaa Kariakoo na kuletwa huku kwa basi, mara nyingi zina leseni yake tayari. Tangu enzi za Windows 8, watengenezaji wakubwa huandika namba ya leseni ndani ya mazabodi. Ukifuta diski yote na kupiga Windows upya, toleo likiwa lile lile, mashine inajiamilisha yenyewe ikipata intaneti. Hulipi hata senti. Cha kusikitisha, mafundi wengine huipiga kraki mashine ya namna hiyo bila hata kuangalia, mteja akaibeba leseni halali na wizi ndani ya kava moja.

Ila mtumba una mtego wake. Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au mpya zaidi, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. OptiPlex 7060 na EliteDesk 800 G4 zinapita. 7050 na 800 G3, ambazo kwa sura karibu ni pacha wao, hazipiti. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ukiona mashine ya kizazi cha 6 au 7 kwa bei ya kutupa, jua muuzaji anajua anachokitupa.

Mashine kama hiyo bado ina maisha kwa Linux. Linux Mint na Ubuntu ni bure kihalali, na toleo la Ubuntu 24.04 lililotoka Aprili 2024 lina huduma ya miaka mitano. Unachogharamia ni flashi na bando la kupakulia: Mint ni kama GB 3 hivi, wakati faili la Windows 11 linapita GB 5. Kwa mwanafunzi, gesti ya Pangani, au ofisi inayoandika barua na kufungua barua pepe, sioni sababu ya kulipia zaidi. Kwenye Mint, LibreOffice inakuja humo humo. Wanaodhani programu huria ni mambo ya wageni wakumbuke kuwa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili.

Steshenari ni habari nyingine. Wateja wanaleta kadi za harusi za Publisher na mabango ya Photoshop, na Photoshop haina toleo la Linux. LibreOffice hufungua faili za Publisher, lakini haihifadhi kwa muundo ule. (Microsoft imetangaza kuiondoa Publisher Oktoba 2026, hivyo wenye maduka wajiandae hata wakibaki na Windows.)

Draiva ndizo zinazoleta safari zisizotarajiwa. Windows 11 inataka intaneti wakati wa kupigwa, na mazabodi mpya mara nyingi ina kadi ya mtandao ambayo flashi ya Windows haiitambui. Unabaki mlangoni: bila intaneti huipati draiva, bila draiva huipati intaneti. Anayeishi Ngamiani atavuka barabara kumfuata fundi. Wa Pangani ana kilomita zipatazo 50. Dawa ni simu ya Android: ichomeke kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa waya huo, na kwa kawaida Windows huitambua bila draiva ya ziada. Bora zaidi, pakua draiva za mtandao kutoka tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi yako, ASUS, MSI au Gigabyte, uziweke kwenye flashi kabla hujaondoka mjini. Draiva hizo ni bure. Anayekutoza kwa kila moja anatoza kazi yake, na useme naye bei hiyo mapema. Usijaribu kusasisha BIOS bila UPS, maana umeme ukikatika katikati, mazabodi inaweza kufa pale pale.

Kwa Linux draiva nyingi zimo ndani ya mfumo. Za picha za NVIDIA zinahitaji kubofya mara chache, na baadhi ya kadi za waifai hugoma. Lakini Linux inakuruhusu kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Nenda nayo dukani, chomeka printa na uunge waifai, uone kabla ya kulipa.

Uamuzi wangu: steshenari inunue mtumba wa kizazi cha 8 wenye leseni, mwanafunzi na ofisi ndogo wapige Mint, anayeunga mashine mpya ya michezo au ya kuhariri video aitie bei ya leseni kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Popote utakaponunua Windows, mwambie muuzaji awashe mashine mbele yako, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike slmgr /xpr. Ikitaja tarehe ya kuisha, hiyo si leseni ya duka. Isipoitaja, dai leseni iandikwe kwenye risiti ya EFD kama bidhaa inayojitegemea, pamoja na toleo lake.