Wakimbizi Waliochaguliwa na Waliobakizwa

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, watu zaidi ya milioni moja walisalia katika kambi za Ujerumani, Austria na Italia, wasithubutu kurejea makwao kwa kuwa nchi zao zilikuwa zimeangukia chini ya himaya ya Wasovieti waliyoihofu. Shirika la Kimataifa la Wakimbizi, lililofanya kazi tangu 1947 hata 1952, liliwahamishia zaidi ya milioni moja katika nchi za mbali, nayo ni amali ya kusifiwa. Lakini anayetaka kujua huruma ile ilipimwa kwa mizani gani, na awatazame wajumbe wa nchi zilizowapokea, jinsi walivyopita kambini wakichagua.

Ubelgiji ilitaka wanaume wa kuchimba makaa ya mawe. Uingereza ilianza na wanawake wa nchi za Balti, wapate kuhudumu katika hospitali za kifua kikuu. Australia, ambayo waziri wake wa uhamiaji, Arthur Calwell, aliamini kuwa bara lake lina uhaba wa watu, iliteua kwa marikebu ya kwanza, iliyofika Fremantle Novemba 1947, vijana wa Balti zaidi ya 800, wenye siha na wasio na ndoa, wakafungwa na mkataba wa kazi wa miaka miwili. Sheria ya Marekani ya 1948 ilikuwa na dosari nzito zaidi: ilimtaka mkimbizi awe amekwisha kuingia katika nchi za kambi kufikia tarehe 22 Desemba 1945, na kwa sharti hilo Wayahudi waliokimbia Poland mwaka 1946, baada ya wenzao kuuawa Kielce, wakafungiwa mlango. Rais Truman aliitia sahihi huku akiilaumu hadharani. Marekebisho yakangoja hata 1950.

Mambo haya yalitufikia na sisi. Tengeru, karibu na Arusha, waliishi Wapoland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamepelekwa uhamishoni na Wasovieti, kisha wakaja Tanganyika kwa njia ya Iran. Mwenye mume au mwana katika jeshi la Poland lililopigana pamoja na Waingereza alipata njia ya kwenda Uingereza. Mayatima wapatao 150 walichukuliwa Canada mwaka 1949. Na mwaka 1950 marikebu General Langfitt iliwabeba zaidi ya 1,000, wa kambi za Tanganyika na Uganda, kutoka Mombasa hadi Australia. Lakini mjane mwenye watoto wadogo, asiye na jamaa jeshini, angewaonyesha nini wajumbe waliokuja kutafuta nguvu za kazi?

Huko Ulaya nako wazee, vilema na wagonjwa wa kifua walibaki kambini wenzao wakiondoka, na pengine aila nzima ilikataliwa kwa sababu ya doa katika pafu la mmoja wao, ikawapasa waamue kutengana au kubaki pamoja. Hiyo naiita dhuluma, wala sikubali kwamba umaskini wa wakati ule uliilazimisha. Kwani Norway, ambayo yenyewe ilikuwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani kwa miaka mitano, ilikubali kupokea vipofu, na aila zao pamoja nao.