Mstari Unaobeba Kioo

Mchoro wa kompyuta hauna uzito. Mstari wake waweza kuwa mwembamba mno, ukajikunja, ukaishia hewani, na hakuna kitakachoanguka. Dirisha la vioo vya rangi halina uhuru huo. Kwa kawaida kila mstari unaotenganisha vioo humo ni ufito wa risasi wenye mfereji kila upande, na katika mifereji hiyo vipande viwili vya kioo hukaa na kushikana. Ndiyo maana fundi akipokea faili la mchoro hatangulizi rangi. Hutazama kwanza kioo kitavunjikia wapi.

Maana kioo hakikatwi, huvunjwa. Fundi hukikwaruza kwa kijigurudumu kigumu, kisha hukibinya kipasuke kufuata mkwaruzo. Mpasuko hupenda mstari mnyoofu au tao la taratibu. Ukitaka ugeuke ghafla kuingia ndani, kwenye kona ya herufi L, utapitiliza na kukiharibu kipande chote. L hiyo sharti igawanywe, na mgawo huo huzaa mstari ambao mchoraji hakuuchora. Hapa ndipo ninapoiona sanaa yenyewe: fundi hodari huupitisha mstari huo kwenye tawi au pindo la vazi, ukaonekana ulikuwapo tangu mwanzo. Programu zinazogeuza picha kuwa vipande kwa kufuata mipaka ya rangi hazijui kufanya hivyo.

Unene nao una hesabu yake. Kiini cha ufito, yaani ukuta ulio kati ya mifereji miwili, kikiwa milimita 1.5, vipande 20 vilivyopangwa mfululizo bila kupunguzwa vitazidi fremu kwa karibu sentimita 3. Kwa umbo la pande tatu, mathalani kivuli cha taa, modeli hurahisishwa iwe na nyuso bapa tu, ikakunjuliwa, kila uso ukapewa namba na kuchapwa kuwa kiolezo. Kingo za vioo huvishwa utepe wa shaba, kisha hulehemiwa.

Mchoraji David Hockney, kwa mfano, alichora kwa iPad dirisha la kumuenzi Malkia Elizabeth II katika Westminster Abbey, London, lililozinduliwa 2018: vichaka vya Yorkshire vikichanua. Kioo cha kompyuta kibao hiyo kilimulika kutoka nyuma, hivyo rangi zake zilikuwa na mwanga tangu mwanzo. Hata hivyo, mafundi wa Barley Studio huko York ndio walioufanya mchoro ule ukatike.

Mchoraji Gerhard Richter alipita njia nyingine katika Kanisa Kuu la Cologne, Ujerumani, mwaka 2007. Dirisha lake lina miraba zaidi ya 11,000, kila mmoja ukiwa na upande wa sentimita 9.6, kwa rangi 72 zilizotokana na madirisha ya zamani ya kanisa hilohilo. Kompyuta ilizipanga kwa bahati nasibu, na nusu ya mpangilio ikarudiwa kinyume. Mraba hauna kona ya kuingia ndani, kwa hiyo bahati nasibu iliweza kuachiwa rangi bila hatari. Fito za risasi hazikuhitajika tena. Miraba iligandishwa kwa silikoni juu ya kioo cha nyuma, rangi ikagusana na rangi.