Sianidi Barabarani: Hatari Isiyoonekana kwa Macho

Migodi ya Geita huyeyusha dhahabu kutoka katika mwamba kwa sianidi ya sodiamu, kemikali nyeupe, ngumu, isafirishwayo kwa malori. Ikilowa maji, na zaidi ikigusa asidi, hutoa gesi inayozuia seli zisitumie oksijeni, hata damu ikiwa nayo tele. Lori likipinduka, watu wasikimbilie mzigo. Msiba wa lori la petroli Morogoro, Agosti 2019, unatosha. Wasimame upande upepo unakotoka. Daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko, si ziwa lililo chini yake, na samaki hufa kwa sianidi kidogo mno.

Mhudumu avae glavu, amvue mgonjwa nguo zilizochafuka, ampe oksijeni, wala asimpulizie mdomo kwa mdomo. Haidroksokobalamini itolewe mapema. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kisimdanganye: huweza kuonyesha kiwango kizuri kwa mgonjwa anayekata roho.