Kadi ya bima inayokwisha pamoja na kazi

Mtu anayepewa kazi katika benki au shirika kubwa jijini Nairobi huuliza mshahara kwanza, kisha bima: kikomo cha kulazwa ni kiasi gani, na watoto wamo?

Ana sababu ya kuuliza. Tangu Oktoba 2024, SHIF, hazina ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF, hukata asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine. Anayelipwa Sh80,000 hukatwa Sh2,200, na mwajiri haongezi chochote juu yake, tofauti na akiba ya uzeeni ya NSSF au ushuru wa nyumba. Mama akijifungua kwa upasuaji, hazina hiyo hulipa Sh30,000, ilhali hospitali nyingi binafsi za jijini hudai mara kadhaa ya kiasi hicho. Katika pengo hilo ndimo wanamofanyia biashara Jubilee, Old Mutual, AAR, Britam, CIC na wenzao, na sehemu kubwa ya fedha wanazokusanya hutoka kwa waajiri.

Bima ya kazini ina nguvu ya wingi. Kampuni yenye wafanyakazi 200 ikinunua, kwa kawaida hakuna anayepimwa wala kuhojiwa. Mwenye kisukari huingia sawa na kijana ambaye hajawahi kulazwa. Hatari imegawanywa kwa watu wengi, basi bei kwa kila kichwa hushuka na magonjwa ya zamani hulipiwa mapema.

Ukienda peke yako, mambo hubadilika. Fomu itakuuliza kuhusu presha, pumu, upasuaji wa miaka iliyopita. Ajali hulipiwa mara moja, lakini ugonjwa wa kawaida husubiri takriban mwezi, uzazi karibu mwaka, na maradhi uliyoingia nayo mwaka au zaidi. Bei nayo hupanda kadiri umri unavyosonga, na kampuni nyingi hazipokei mteja mpya aliyevuka miaka 60 au 65.

Kwa hesabu hiyo, kadi ya mwajiri ingeonekana kumaliza ubishi wa bima ipi ni bora. Haimalizi, kwa sababu mkataba si wako. Ni wa mwaka mmoja, kati ya mwajiri na kampuni ya bima. Kila unapokaribia kwisha, dalali huleta bei mpya, na mwajiri aliyebanwa hupunguza kikomo au orodha ya hospitali. Mfanyakazi hujua akiwa mapokezi, ameweka kidole kwenye mashine na mtoto mwenye homa yuko mgongoni, karani akimwambia hospitali hii imeondolewa.

Kuna baya kuliko hilo. Chukua mhasibu wa miaka 54 mwenye presha, aliyeachishwa kazi kampuni ilipopunguza watu. Kwa miaka 20 hakununua bima yake kwa kuwa hakuihitaji. Sasa anaihitaji, naye ni mteja ambaye soko halimtaki: bei ya juu, na presha yake isilipiwe mpaka muda wa kusubiri upite. Watu kama huyu wanaumia, na wengi wangeweza kuepuka.

Ushauri wangu kwa aliye na miaka 30 na kitu, mwenye afya na mshahara unaobakiza chochote: tumia kadi ya kazini, lakini nunua pia bima yako ndogo ya kulazwa tu. Acha matibabu ya nje, maana ndiyo yanayopandisha bei, na mwajiri anayalipia. Muda wa kusubiri utapita ukiwa huna haja. Kodi nayo inakurudishia kidogo: asilimia 15 ya unacholipa, isizidi Sh60,000 kwa mwaka. Bima ya Sh40,000 inakupunguzia kodi ya Sh6,000.

Anayepata Sh30,000 na kulea watoto watatu simwambii anunue kadi ya pili. Yeye ahakikishe makato ya SHIF yanafika na wote nyumbani wamesajiliwa kwa *147#.

Aliyepewa barua ya kuachishwa kazi asikae. Baadhi ya kampuni humruhusu aliyekuwa kwenye bima ya kikundi kuhamia ya binafsi bila kusubiri upya, ila lazima aombe mapema, mara nyingi kabla kadi ya zamani haijafungwa. Wakala aulizwe hilo, pamoja na umri ambao kampuni hukoma kumwongezea mkataba mteja wake, na majibu yote mawili yawe kwa maandishi.