Kuzima au Kupoza? Moto wa Betri za Lithiamu na Utayari wa Wazimamoto

Makala haya yanadhamiria kufafanua kwa nini moto wa betri za ioni za lithiamu, hasa zile za malori ya umeme, huwatatiza hata wazimamoto wazoefu. Hoja yetu ni kwamba utayari huanzia katika kitenzi: moto huu hautaki kuzimwa tu, bali kupozwa.

Neno mzimamoto limejengwa juu ya kitenzi zima. Kwa kawaida moto hutegemea mambo matatu: kitu kiwakacho, hewa na joto. Ukiondoa kimoja, moto hufa. Ndiyo maana petroli inayowaka hufunikwa kwa povu ili ikose hewa. Betri ina tabia tofauti. Lori la umeme hubeba maelfu ya seli ndani ya makasha yaliyofungwa. Seli ikipondwa au ikipata hitilafu, hupata joto. Joto huvunja kemikali zake. Uvunjikaji huo huzalisha joto zaidi pamoja na gesi ziwakazo na kiasi fulani cha oksijeni. Kisha seli jirani nayo hushika. Hali hii twaweza kuiita mchachamao wa joto. Povu huweza kufisha ndimi zinazoonekana ilhali ndani seli zingali zinachemka. Dawa yake aghalabu ni maji mengi, kwa muda mrefu.

Mfano mzuri ni wa Marekani. Tarehe 19 Agosti 2024, usiku wa manane, lori la umeme aina ya Tesla Semi liliacha barabara kuu ya 80 karibu na Emigrant Gap, jimbo la California, likagonga miti na kuwaka. Dereva hakujeruhiwa. Hata hivyo, wazimamoto walitumia takriban galoni 50,000 za maji, yaani kama lita 190,000, kuuzima moto na kuzipoza betri. Ndege nayo ilimwaga kemikali ya kuzuia moto usienee msituni. Barabara ilifungwa kwa muda wa takriban saa 15.

Wahenga walisema moto huzaa jivu. Moto wa betri huweza kuzaa moto mwingine. Mnamo Machi 2018, gari dogo la umeme lilipata ajali huko Mountain View, California, likawaka na kuzimwa. Siku 5 baadaye, betri yake iliwaka tena katika uwanja wa kuhifadhia magari yaliyoharibika. Sababu ni nishati iliyosalia katika seli zilizoharibika, ambayo haina njia salama ya kutolewa. Kwa hiyo gari kama hilo hushauriwa kuwekwa peke yake, umbali wa mita 15 hivi kutoka kwa vitu vingine, na kuangaliwa. Isitoshe, moshi wake huweza kuwa na floridi ya hidrojeni, gesi yenye sumu kali. Mzimamoto hapaswi kuukaribia bila kifaa cha kupumulia. Nyaya zenye volteji kubwa, ambazo kwa kawaida huwa na rangi ya chungwa, nazo hazikatwi ovyo.

Je, maarifa haya huwafikia wanaoyahitaji? Mnamo Januari 2021, Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa ripoti iliyobaini upungufu katika miongozo ya dharura ya watengenezaji wa magari, ikawataka waeleze kinagaubaga namna ya kupambana na moto wa kila aina ya gari. Upungufu ulikuwa wa maelezo, si wa maji pekee.

Hapa ndipo suala hili linapotugusa sisi wanafunzi wa Kiswahili. Mabasi ya umeme yamekuwa yakibeba abiria Nairobi tangu 2022, na bodaboda za umeme zinaongezeka. Anayefika kwanza penye ajali huenda akawa utingo, mwanabodaboda au mlinzi. Huyu anahitaji kuelezwa kwa lugha anayoitumia kwamba moto uliofifia haujaisha, na kwamba moshi ule si wa kuni.

Kwa kuhitimisha, wajibu wetu si kubuni istilahi za kupamba kamusi. Tunapendekeza idara za Kiswahili zishirikiane na vikosi vya zimamoto kuandaa miongozo mifupi, ijaribiwe na wazimamoto wenyewe, na maneno watakayoyakataa yaachwe.