Ua la Usambara Likiugua: Udongo Uguswe Kabla ya Kutiwa Maji

Watu wengi wanaootesha ua la Usambara nyumbani hulipoteza kwa kulihurumia kupita kiasi. Asubuhi moja majani huonekana yameregea na kulala juu ya ukingo wa chungu. Mwenye ua hudhani kwamba lina kiu, akalitia maji. Jioni, akiona halijainuka, hulitia tena. Baada ya siku chache moyo wa mmea huoza, na majani hung'oka kwa kuguswa tu. Ua hilo halikufa kwa kiu. Liliuawa na maji.

Sababu yake hufahamika mtu akijua kwao mmea huu. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Wajerumani iliyotawala Tanganyika wakati huo, aliupata katika nchi ya Tanga na Usambara, akaupeleka kwa baba yake huko Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliupa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya jamaa hiyo. Tangu hapo umeenea madirishani duniani kote. Kenya nayo ina mimea ya ukoo huo: mmoja huota katika msitu wa kilima cha Mbololo huko Taita, na mwingine juu ya miamba ya chokaa upande wa Kaloleni, katika Kilifi.

Mahali pote hapo mmea hukaa kivulini, katika nyufa za miamba, mizizi yake ikishika mboji kidogo tu. Mvua hunyesha, lakini maji hupita upesi yakateremka. Basi mizizi hiyo imezoea kupata unyevu na hewa kwa pamoja. Ikitiwa katika mkebe usio na tundu, maji hujaa na kuifukuza hewa. Mizizi hukosa pumzi, ukungu huingia, na uozo huanza. Mzizi uliooza hauwezi kunywa. Kwa hiyo majani huregea kwa kukosa maji, ingawa udongo umelowa. Ndiyo maana dalili ya kiu na dalili ya kuzama hufanana, na mwenye kutazama majani peke yake hudanganyika.

Dawa ya kwanza, basi, ni kidole. Kidole kitiwe udongoni kadiri ya pingili moja. Ukiwa mkavu, mmea una kiu kweli: chungu kiwekwe katika bakuli la maji kwa muda wa nusu saa, kinywe kwa chini, kisha kitolewe na maji yote yachuruzike. Mara nyingi majani yatainuka siku ile ile. Lakini udongo ukiwa umelowa na majani yameregea, tone moja zaidi lisitiwe. Mmea utolewe chunguni na mizizi itazamwe. Mzizi mzima ni mweupe na mgumu kidogo. Uliooza ni wa rangi ya kahawia, laini, na pengine hunuka. Iliyooza yote ikatwe kwa kisu safi, kisha mmea upandwe upya katika udongo mwepesi.

Udongo mwekundu wa shamba peke yake haufai, maana hushikamana kama tofali. Yafaa kuchanganya mboji ya majani iliyooza vizuri, mchanga mnene uliooshwa, na udongo wa bustani kidogo. Kabla ya kutumiwa, mchanganyiko huo upashwe moto kwa mvuke ili wadudu na ukungu wafe, kisha uachwe upoe. Chungu kisiwe kikubwa: upana wake ukiwa kama theluthi moja ya upana wa mmea, watosha. Mkebe wa samli wafaa pia, mradi utobolewe matundu kadhaa kitakoni kwa msumari.

Yako magonjwa mengine ambayo hujulikana kwa alama zake.

Madoa meupe au ya manjano, pengine kama pete, huletwa na maji baridi yanapoangukia jani lenye joto. Alama hizo hazifutiki, lakini haziui. Maji yakae chomboni mpaka yawe na joto sawa na la chumba, nayo yatiwe udongoni, si majanini.

Vikonyo virefu vinavyonyoosha majani juu, pamoja na kukosa maua, ni dalili ya giza. Majani yaliyopauka au kuungua kingoni ni dalili ya jua kali. Dirisha linaloelekea mashariki lafaa sana, likiwa na pazia jepesi. Kila juma chungu kigeuzwe robo, ili mmea usiinamie upande mmoja.

Ukoko mweupe juu ya ukingo wa chungu ni chumvi ya mbolea. Vikonyo vinavyoulalia huungua na kuoza. Ukingo usuguliwe, maji safi yapitishwe kwa wingi udongoni na kuachwa yatoke yote, na mbolea ipunguzwe.

Vitu vyeupe kama pamba katika maungio ya majani ni wadudu wanaofyonza utomvu. Waguswe mmoja mmoja kwa pamba iliyochovywa katika spiriti, na mmea utengwe na mingine hadi wasionekane tena kwa majuma kadhaa. Lakini majani ya katikati yakisongamana, yakawa madogo, magumu na yenye kupindika, huenda pameingia utitiri usioonekana kwa macho. Hapo ni afadhali mmea uchomwe moto kuliko kuhatarisha mimea yote ya nyumba.

Ikitokea kwamba mizizi yote imekwisha, bado lipo tumaini. Jani moja zima lenye afya likatwe pamoja na kikonyo chake, kadiri ya sentimita 4, na kuchomekwa katika mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini. Baada ya majuma kadhaa litaota mizizi, kisha miche midogo itachipuka chini yake. Mmea uliodhaniwa umekufa huweza hivyo kuacha watoto watano au sita.

Njia hiyo ya jani ina faida nyingine kubwa. Katika misitu ya asili mimea hii imekuwa adimu kwa sababu ya kukatwa kwa miti inayoitilia kivuli, na haifai kabisa kung'olewa miambani. Anayetaka ua hili hana haja ya kwenda Mbololo wala Usambara. Jani moja kutoka kwa jirani latosha. Akiisha kulipata, na akumbuke jambo moja: majani yakiregea, asikimbilie kopo la maji. Kwanza aguse udongo.