Kamiyo mbili, bei mbili: tuchague gani?

Ndugu wanamemba, wakati wa mavuno wenye kamiyo wanaleta bei zao kwa komite. Mmoja anaandika bei kwenye tablo, mwingine anachora msitari kwenye grafiki. Mara nyingi tunaangalia namba ya kwanza tu, tunasema «huyu ni wa bei chini», kisha tunapiga sahihi. Lakini feza ikipotea pale, ni ya sisi wote.

Tuchukue mfano wa kupeleka muhindi kutoka Sange mpaka soko ya Uvira. Bei hizi ni za kujifunzia tu.

Kamiyo ya kwanza (tablo)
Magunia 10: franka 70 000
Magunia 20: franka 90 000
Magunia 30: franka 110 000

Kamiyo ya pili (grafiki)
Msitari unaanzia kwenye sufuri. Kwa magunia 10 unafika franka 40 000, kwa magunia 20 unafika 80 000.

Tuulize maswali mawili.

1. Kila gunia linaongeza franka ngapi? Kwenye tablo, magunia 10 zaidi yanaongeza 20 000. Tukigawanya, ni 2 000 kwa gunia. Kwenye grafiki ni 4 000.

2. Bila gunia hata moja, tunalipa ngapi? Grafiki inasema sufuri. Tablo haisemi, basi turudi nyuma hatua moja: 70 000 kutoa 20 000, inabaki 50 000. Hiyo ni feza ya safari, inalipwa hata kama kamiyo inabeba kidogo.

Sasa tulinganishe. Mwanzoni kamiyo ya kwanza iko juu kwa 50 000, lakini kila gunia linapunguza tofauti kwa 2 000. 50 000 gawanya kwa 2 000 ni 25. Kwa magunia 25, zote mbili ni 100 000. Pale ndipo mistari inakutana.

Chini ya 25, kamiyo ya pili ni afadhali: magunia 15 ni 60 000, kuliko 80 000. Juu ya 25, ni ya kwanza: magunia 40 ni 130 000, kuliko 160 000. Tunaokoa franka 30 000.

Tujihadhari na mambo mawili. Msitari unaweza kuonekana mkali juu ya namna ulivyochorwa tu. Tusome namba za pembeni, tusiamini macho. Na kama kwenye tablo hatua hazilingani, bei ya gunia inabadilika njiani: tumuulize mwenye kamiyo sababu kabla ya kupiga sahihi.

Kwa hiyo, mbele ya kuchagua kamiyo, komite ihesabu kwanza magunia ya kila mwanamemba. Mwenye magunia 5 akienda peke yake na kamiyo ya kwanza, analipa 60 000, ni kusema 12 000 kwa gunia. Nane kama yeye wakijiunga, wana magunia 40, na kila gunia linalipiwa 3 250.